Bugali Ukikwama Kifuani, Usisubiri Uji Nao Ukwame

Mtu mzima anayeanza kupata shida ya kumeza kwa kawaida hasemi. Anajirekebisha kimya kimya. Anakata tonge dogo kuliko zamani, anatafuna mpaka wenzake wanamaliza, anaweka kikombe cha maji karibu ili alisukume kila tonge kwa funda moja. Nyama anampa mjukuu, anasema meno yanamsumbua. Siku moja tonge linasimama katikati ya kifua. Anainuka, anatoka nje, anajigonga kifuani kwa ngumi, anatema mate mazito ya kuvutika, kisha anarudi na kusema amepaliwa tu. Hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, iwe Bule, Fataki, Drodro au Bunia mjini, hali hiyo huweza kuendelea miezi kadhaa kabla mtu hajauliza. Ukimwona baba au mama yako anakula hivyo, usingoje akuambie. Muulize wewe.

Umio, yaani mrija wa nyama unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa sentimita 25 hivi. Unapita nyuma ya bomba la pumzi na mbele ya uti wa mgongo, umekaribiana na moyo na mshipa mkuu wa damu. Ni mrija unaotanuka vizuri, na ndiyo maana kansa inaweza kukua ndani yake muda mrefu bila mwenyewe kusikia kitu. Tonge linapoanza kukwama, sehemu kubwa ya njia imekwisha kuzibwa. Tena umio hauna ganda la nje ambalo utumbo unalo, kwa hiyo ugonjwa ukivuka ukuta wake unawafikia majirani hao moja kwa moja.

Kukwama kwenyewe kuna mfuatano. Kwanza bugali na nyama, halafu wali na ndizi, baadaye uji, mwisho maji na hata mate. Anayefika kwa daktari katika hatua ya bugali bado ana nafasi ya kupasuliwa na kupona. Anayefika katika hatua ya mate, mara nyingi kinachobaki ni kumpunguzia mateso. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio mzito kuliko yote: chakula kigumu kikikwama mara kwa mara kwa wiki mbili, safari ya hospitali ianze, hata kama mgonjwa bado ana nguvu ya kulima na bado anakunywa chai yake bila shida. Umri usiwadanganye. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, ambayo imewatibu wagonjwa wa kansa hii kwa miaka mingi, imewaona hata vijana wasiofika miaka 30.

Duniani, mwaka 2022, watu wapatao 511,000 waligunduliwa kuwa na kansa ya umio na wapatao 445,000 walikufa nayo. Tofauti ndogo kati ya namba hizo mbili inaonyesha jinsi wengi wanavyochelewa. Katika nchi nyingi si kansa ya kawaida, lakini kuna ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako imezoeleka. Ituri inapakana na ukanda huo. Tumbaku na pombe kali, iwe lutuku au kaikpo, zinaongeza hatari. Vinywaji vya moto mno pia vinashukiwa: mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walivitaja vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinaleta kansa ya umio. Kwenye baridi ya milima ya Djugu kuacha chai ya moto ni kazi, lakini kuiacha ipoe dakika chache hakugharimu chochote. Hata hivyo wapo wanaougua bila kuvuta wala kunywa pombe. Mgonjwa asihukumiwe kitandani.

Sasa nitaje mambo yanayokula muda na mali. La kwanza ni dawa za vidonda vya tumbo, zinazorudiwa mwezi baada ya mwezi bila mtu kuangalia ndani. La pili ni kukata kimeo. Kimeo kiko juu kabisa kooni, wakati ugonjwa uko chini, ndani ya kifua, na kukikata kunaongeza kidonda na damu tu. La tatu ni chupa za serumu. Mgonjwa aliyekonda anatundikiwa serumu, anachangamka siku mbili, familia inafurahi, na pesa inakwisha. La nne ndilo linaloniuma kuliko mengine: neno la kwamba amelishwa sumu. Katika eneo letu, ambako jamii zimeumizana kiasi hiki, ambako watu zaidi ya 50 waliuawa usiku mmoja wa Februari 2022 katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu kabisa na Bule, kumtaja jirani kuwa amemtilia mtu sumu kunaweza kumwaga damu nyingine. Sumu ya kutiliwa kwenye chakula haizibi umio kidogo kidogo kwa miezi. Kama familia inashuku, jibu liko kwenye kamera, ule mrija wenye taa unaoingizwa mdomoni kuangalia ndani ya umio. Anayetapishwa kwa dawa za miti ili sumu itoke anapoteza maji na nguvu alizobakiwa nazo, na njia iliyozibwa inabaki imezibwa.

Si kila kukwama ni kansa, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda mapema. Kuna watu, hasa watoto, waliokunywa soda kali ya kutengenezea sabuni, umio ukaungua na kupona kwa kovu linaloziba njia. Kuna umio ambao mlango wake wa chini umekataa kulegea. Huyo hukwamwa na maji na bugali kwa pamoja tangu mwanzo, na hali hiyo huenda miaka. Kuna utando mweupe wa kuvu kwa mwenye virusi vya UKIMWI, unaotibika kwa vidonge. Kuna tezi kubwa ya shingo inayobana kutoka nje, na kuna kifua kikuu cha umio, ambacho kwa macho kinaweza kufanana sana na kansa. Kila mmoja wa hao ana tiba yake, na hakuna anayetibiwa sawasawa kwa kukisia.

Familia ikiuza ng'ombe, au ikichangishana kambini senti kwa senti, mpangilio wa matumizi ndio unaoamua mengi. Pesa ya kwanza ni ya kamera na kipande cha nyama ya uvimbe kinachopimwa maabara. Kabla ya kutoka Bule, muombeni muuguzi mkuu wa kituo cha afya aandike barua ya rufaa, na mtu mmoja apige simu: hospitali kuu ya rufaa ya Bunia, au kituo cha matibabu cha kiinjili cha Nyankunde, ile hospitali iliyovamiwa na kuharibiwa Septemba 2002 na ambayo ilisimama tena. Msiulize tu kama wana kamera. Ulizeni kama inafanya kazi wiki hiyo, nani anaiendesha, na kama anachukua vipande. Kamera bila vipande ni nusu ya safari, na wagonjwa wengi huilipia nusu hiyo mara mbili.

Kipimo chenyewe kisiogopeshe. Mgonjwa asiwe na chakula tumboni. Kama umio umezibwa sana, siku moja nzima kabla anywe vitu vya maji tu, kwa sababu masalia hukaa juu ya uvimbe na kumficha daktari. Koo linapuliziwa dawa ya ganzi, mgonjwa analazwa ubavu wa kushoto, mrija mwembamba wenye taa unapita mdomoni, na kwa kawaida kazi inamalizika ndani ya dakika chache. Daktari apime umbali kutoka kwenye meno mpaka uvimbe unapoanza na unapoishia, na aandike namba hizo, kwa maana mpasuaji atazitaka. Achukue vipande sita au zaidi, kila kimoja kama punje ya mchele. Kipande kimoja kinaweza kuangukia nyama iliyooza tu, na jibu likarudi bila maana.

Hapo ndugu wa mgonjwa ana kazi yake. Vipande vinatiwa papo hapo kwenye chupa ya formalini, iliyopimwa vizuri na maabara, si maji, si pombe ya kuoshea vidonda. Chupa iandikwe jina, umri, tarehe na mahali nyama ilipochukuliwa. Uliza inapelekwa maabara gani, nani anaibeba, na jibu linarudi lini na kwa simu ya nani. Andika majibu hayo kwenye daftari la shule na usilipoteze. Chupa iliyosahauliwa dirishani imewagharimu watu wengi uhai wao.

Jibu la nyama lazima litangulie kisu. Sehemu kubwa ya kansa za umio upande huu wa Afrika ni ya seli bapa, inayoota kwenye utando wa ndani. Ulaya na Marekani wana zaidi ile ya seli za tezi, inayofuatana na kiungulia cha miaka mingi na unene. Lakini wapo wachache wenye aina adimu kabisa: ya seli ndogo, inayosambaa upesi na kutibiwa hasa kwa dawa za kansa za mshipa; limfoma, kansa ya seli za kinga, ambayo nayo ni ya dawa; kansa ya Kaposi, kwa wenye virusi vya UKIMWI; melanoma, ile kansa ya seli za rangi ya ngozi, ikiota ndani ya umio; na vivimbe vya misuli, ambavyo vingine si kansa na vinaweza kung'olewa bila kuondoa umio. Aliyepasuliwa kifua kwa ajili ya limfoma ameumizwa bure. Aliyeambiwa aende kufia nyumbani wakati ana kifua kikuu cha umio ameuawa na uvivu wa watu. Kwa hiyo, daktari yeyote, awe mkubwa namna gani, akitaka kupasua au kukata tamaa kabla ya jibu la maabara, mwambieni kwa heshima kwamba mnasubiri jibu.

Pesa ya pili ni ya kujua ugonjwa umefika wapi. Kuna mambo ya bei nafuu yanayotangulia: daktari kupapasa shingo juu ya mifupa ya mabega, kusikiliza kama sauti imekuwa ya kukwaruza, kuuliza kama mgonjwa anakohoa kila anapokunywa maji, kupiga ekografi ya ini. Tezi ngumu shingoni, ini lenye madoa, au kikohozi cha kila funda, ambacho ni dalili kwamba umio umetobokea kwenye bomba la pumzi, vinaweza kuonyesha kwamba kisu hakitasaidia, na familia ikaokoa maelfu ya dola. Visipoonekana, ndipo skana ya kifua na tumbo ilipiwe, ile yenye dawa ya mshipa ya kung'arisha picha, baada ya figo kupimwa. Dai diski yenye picha zenyewe. Karatasi ya maelezo peke yake haimtoshi mpasuaji.

Upasuaji wa umio si wa kila hospitali, na hapa nasema bila kuzunguka. Ni miongoni mwa operesheni kubwa kabisa za mwili wa binadamu. Mwaka 1913 huko New York, daktari Franz Torek alifanikiwa kwa mara ya kwanza kutoa kansa ya umio kupitia kifua cha mama wa miaka 67. Hakuweza kuunganisha tena njia ya chakula. Mama yule alikula kwa mrija wa mpira uliotoka shingoni mwake na kuingia tumboni, nje ya ngozi, na akaishi miaka 13 zaidi. Leo tumbo lenyewe linakatwa na kushonwa liwe mrija mwembamba, linavutwa juu, linaunganishwa na umio uliobaki kifuani au shingoni. Wapasuaji wengine hupitia tumbo na kifua cha kulia, namna ya mpasuaji Ivor Lewis iliyoelezwa mwaka 1946, wengine huongeza jeraha la tatu shingoni, wengine hupita tumboni na shingoni bila kufungua kifua. Kazi huchukua saa nyingi. Hatari kubwa ni pale paliposhonwa kuvuja, na mapafu kuingia maambukizi.

Hospitali zinazofanya operesheni hii mara kwa mara hupoteza wagonjwa wachache kuliko zinazoifanya kwa nadra. Kwa hiyo uliza: daktari, unafanya ngapi kwa mwaka? Wangapi walirudi nyumbani? Mna chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine ya kupumulia na umeme usiokatika? Mshono ukivuja usiku, nani anakuja? Mpasuaji mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Wewe unamkabidhi mzazi wako.

Kwa mgonjwa wa Ituri, kwa kawaida hayo yanamaanisha Kampala, au mbali zaidi, Bomet. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 huko Mulago, Kampala, ina dawa za kansa na mionzi, ambavyo mara nyingi vinahitajika kabla ya kisu. Utafiti wa Uholanzi uitwao CROSS, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa na mionzi kwa wiki tano kisha wakapasuliwa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa waliopasuliwa tu ilikuwa miezi 24. Wenye kansa ya seli bapa, ambayo ndiyo yetu, walifaidika zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri kupasuliwa ili uanze mionzi, hujacheleweshwa. Ila piga simu kabla ya kupanda gari: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na wagonjwa waliosafiri mbali walibaki mikono mitupu. Barabara ni ile ya Fataki, Mahagi na mpaka wa Goli, siku ambazo usalama unaruhusu. Beba hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, jibu la nyama, diski, na lile daftari.

Wakati mnatafuta pesa, mgonjwa ale. Aliyepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake anaingia chumba cha upasuaji akiwa dhaifu, na kidonda chake hakishiki. Uji wa mahindi, soya na karanga uliochujwa, maziwa, mayai laini, parachichi lililopondwa, mchuzi wa samaki usio na mifupa. Kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku, akiwa amekaa wima. Akiwa amekaa wiki bila chakula kabisa, asishindiliwe siku ya kwanza. Mwili uliofunga muda mrefu unaweza kupatwa na hatari chakula kinaporudi kwa wingi ghafla. Kama hamezi tena hata maji, anahitaji mrija wa kulishia, lakini hapa kuna tahadhari ambayo hata baadhi ya madaktari wa vijijini hawaijui: tumbo ndilo litakalotengenezwa umio mpya, kwa hiyo likitobolewa ovyo linaweza kuharibika. Mgonjwa ambaye bado ana matumaini ya kupasuliwa, mrija wake uwekwe kwenye utumbo mwembamba, na mpasuaji wa umio aulizwe kwanza. Sigara iachwe leo, si siku ya operesheni. Atembee kila siku, na afanye mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu mara nyingi kwa siku. Mapafu yake ndiyo yatakayomvusha.

Baada ya operesheni, tumbo lake limekuwa mrija. Halipokei tena sahani iliyojaa. Ale kidogo na mara nyingi, anywe kati ya milo badala ya wakati wa kula, asilale mpaka saa mbili au tatu zipite, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali maisha yake yote. Sukari nyingi kwa mpigo itamtoa jasho na kumharisha. Chakula kikianza kukwama tena baada ya wiki kadhaa, mara nyingi ni kovu la mshono, na linapanuliwa kwa kamera. Arudi hospitali, asikae nyumbani akidhani kansa imerudi.

Na yule ambaye kisu hakimfai? Huyo hajafukuzwa. Tenwek, hospitali ya kimisheni iliyoanza mwaka 1937, ilijulikana kwa kuweka ndani ya umio mrija wa waya unaotanuka wenyewe. Dkt. Russell White na wenzake walieleza mwanzoni mwa miaka ya 2000 jinsi ya kuuweka kwa kamera bila mashine ya eksirei, jambo lililoufanya uwezekane katika hospitali zetu. Mtu aliyekuwa anatema mate yake anaanza kumeza tena. Mrija huo unaziba pia tundu linaloingia bomba la pumzi. Sharti lake ni chakula laini: bugali mwepesi na mchuzi mwingi, nyama ya kusaga, hakuna mafundo ya mihogo mikavu, na maji baada ya kila mlo. Ulizeni kama hospitali yoyote ya karibu inauweka, maana ni safari moja na si miezi ya kulala ugenini.

Maumivu nayo yana tiba. Uganda imetumia kwa miaka mingi morfini ya kunywa, na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, iliwafundisha wauguzi wengi kuitoa nyumbani kwa wagonjwa. Ni ya maji, kwa hiyo hata mwenye njia nyembamba anaimeza. Ombeni kwa jina lake katika hospitali yenu, na msikubali kuambiwa kwamba mgonjwa wa kansa atakuwa mlevi wa dawa. Apewe kwa saa, bila kusubiri maumivu yarudi, na usiku apewe kipimo kikubwa kidogo kwa ushauri wa muuguzi ili alale. Morfini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo ya kwanza.